Muulize Mwalimu: London 1949, sare ya 64 kwa 64, nani alibaki na baraza?

*Shikamoo mwalimu. Juzi kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Tulianza na viti maalum vya madiwani, jamaa mmoja akasema hata Uingereza zamani kulikuwa na wajumbe wa baraza ambao mwananchi hakuwapigia kura, na kwamba mwaka 1949 kule London vyama viwili vilitoka sare kabisa halafu kimoja kikaendelea kutawala kama kawaida. Sisi tukamkatalia, sare ni sare, mnarudia uchaguzi. Je ni kweli? Na wananchi walikubalije?* Msomaji, Morogoro

Marahaba mwanangu. Kahawa ya kesho mlipieni huyo jamaa, maana alichosema ni kweli kabisa.

Uchaguzi wenyewe ulifanyika tarehe 7 Aprili 1949, wa Baraza la Kaunti ya London. Msomaji wa Kenya akisikia kaunti anawaza gavana, sasa pale hakukuwa na gavana, kulikuwa na madiwani wanaochaguliwa kila baada ya miaka 3, wote kwa siku moja, wakishaingia wanagawana kamati, kuna ya elimu, ya nyumba, ya zimamoto, na chama chenye watu wengi ndo kinakamata kamati zote na kuamua pesa iende wapi. Ndani ya mipaka ya kaunti hiyo waliishi watu milioni 3 na ushee, kwa hiyo tunaongelea baraza zito sana, makao yake yalikuwa County Hall pale ng'ambo ya mto Thames, ukisimama dirishani unaliona Bunge.

Chama cha Leba kilikuwa kimelishika baraza hilo tangu 1934 enzi za kiongozi wao Herbert Morrison. Uchaguzi wa kwanza baada ya vita, yaani 1946, Leba walizoa viti 90 kati ya 124, wapinzani wao chama cha Konsavativu wakapata 30, Liberali 2 na Wakomunisti 2. Ila miaka mitatu ni mingi jamani. Kufika 1949 vita imeisha lakini nyama na sukari bado ni za kadi ya mgao, familia nyingi hazina nyumba kwa sababu mabomu ya Wajerumani yalibomoa mitaa mizima, na serikali ya waziri mkuu Attlee ambayo nayo ni ya Leba ndo inayolaumiwa kwa kila foleni ya dukani. Watu walichoka, na uchovu wao wakaupeleka kwenye kura ya madiwani, maana ndo iliyokuwa karibu. Kaunti jirani ya Middlesex ambayo Leba waliichukua 1946, mwaka huo huo wa 1949 ikarudi kwa Konsavativu.

Basi London wakachora mipaka upya, majimbo 43, kila jimbo madiwani 3, jumla 129. Ona namba hiyo, 129 haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo mtu ungesema sare haiwezekani. Kura zikahesabiwa: Leba 64, Konsavativu 64, na mmoja katikati, Sir Percy Harris wa Liberali kutoka Bethnal Green, mashariki ya London, mtu ambaye aliingia kwenye baraza hilo mara ya kwanza mwaka 1907. Ukitazama hapo tu unasema haya, ufunguo wa nyumba uko mfukoni kwa mzee Harris.

Lakini haukuwa mfukoni kwake, na hapa ndo jamaa yenu wa kijiweni alipowashinda.

Sheria ya 1888 iliyoanzisha mabaraza ya kaunti kule Uingereza iliweka wajumbe wa aina mbili. Kuna madiwani wa kawaida, hawa wanapigiwa kura na watu. Halafu kuna wanaoitwa aldamani, tuseme wazee wa baraza, hawa wanachaguliwa na madiwani wenyewe wakishaketi. Kwenye kaunti nyingi ni aldamani mmoja kwa kila madiwani watatu, London ikapewa mmoja kwa kila madiwani sita. Na aldamani si lazima awe diwani, anaweza kutoka nje kabisa, hata mtu ambaye wananchi wamemwangusha wiki chache kabla anaweza kuingizwa kwa mlango huo. Akishaingia ana sauti na kura kama diwani yeyote barazani na anakaa miaka 6, sio 3. Nusu yao wanabadilishwa kwenye uchaguzi huu, nusu nyingine kwenye unaofuata.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Nusu ya maaldamani waliokuwa wamekaa kwenye viti vyao Aprili 1949 waliwekwa pale 1946, wakati Leba wana madiwani 90 na wanafanya wanavyotaka, na muda wao ulikuwa haujaisha mpaka 1952. Kwa hiyo mwananchi wa 1949 amesema sare, lakini ndani ya ukumbi kuna watu wa 1946 bado wanapiga kura, na kura zao zikatosha kuwabakisha Leba madarakani. Isaac Hayward aliyekuwa anaongoza Leba pale akaendelea kuongoza, na aliendelea hadi baraza lenyewe lilipovunjwa 1965. Henry Brooke, kiongozi wa Konsavativu, na watu wake wote 64, wakabaki upinzani.

Umeuliza wananchi walikubalije. Walilalamika, hasa upande ulioumia, lakini sheria ilikuwa na umri wa miaka 60 na kila chama kilishakula kwa mkono huo huo. Leo London ikiwabeba Leba, kesho kaunti za mashambani zinawabeba Konsavativu na watu wenye ardhi zao. Tena hoja ya kuwatetea aldamani ilikuwepo na sio ya kijinga: walisema baraza linahitaji watu wenye uzoefu, kwamba mambo kama shule na mifereji ya maji machafu yanachukua miaka mingi, ukibadilisha watu wote kila miaka 3 kila kitu kinaanza upya. Mimi nimefundisha uraia miaka mingi na hoja hiyo naielewa, ila siikubali. Uzoefu unaweza kuuajiri, una makarani, una wahandisi, una walimu wakuu wanaokushauri. Kura ya kuamua kodi ya mtu mwenye nyumba ya vyumba viwili pale Bethnal Green inapaswa kutoka kwa mtu ambaye huyo mwenye nyumba anaweza kumtoa. Na ningesema hivyo hivyo kama aldamani wangewabeba wale wengine.

Miaka mitatu baadaye, 1952, wapiga kura wakarudi wakawapa Leba 92 na Konsavativu 37, Liberali hakuna. Hao maaldamani walikuja kufutwa na sheria ya 1972, na kwenye mabaraza ya kaunti wakaondoka ilipoanza kutumika 1974. Na kabla hujasema hayo ni ya Wazungu huko kwao, Nairobi ya mkoloni nayo ilikuwa na maaldamani barazani, waliuleta mfumo mzimamzima. Hata sisi Dar tumeona uchaguzi wa meya wa Jiji ukiahirishwa mara kadhaa mpaka Machi 2016, na kubwa lililogombewa lilikuwa ni nani ana haki ya kupiga kura ndani ya ule ukumbi. Kwa hiyo hamkubishana bure.

*Mwalimu, nimesoma kwamba karatasi ya kura ya Waingereza zamani haikuwa na jina la chama. Sasa mtu asiyesoma vizuri alimjuaje mtu wake, kulikuwa na alama kama jembe na nyumba?* Mama Msomaji, Tanga

Hapana mama, alama hazikuwepo, na chama pia hakikuandikwa, hilo la kuandika chama lilikuja na sheria ya 1969. Mwaka 1949 karatasi ilikuwa na majina ya wagombea, anwani na kazi zao, basi. Na kumbuka London kila mpiga kura alikuwa na kura 3, anaweka alama ya X mara tatu, kwa hiyo lazima akariri majina matatu. Ndo maana kazi kubwa ya vyama ilikuwa kugonga milango jioni baada ya kazi, wanagawa vikaratasi vyenye majina matatu ya kwao, gari la spika linapita mtaani linataja majina hayo hayo, mabango madirishani, halafu siku yenyewe mtu wa chama anasimama mlangoni mwa kituo anaandika namba za waliokwisha kupiga, jioni wanajua nani hajatoka wanamfuata nyumbani. Majina yalipangwa kwa alfabeti, na mgombea wa A au B alikuwa na bahati kidogo kuliko wa W, maana mtu akichoka kusoma anaanzia juu.

*Je mwanamke aliruhusiwa? Na sisi tuliokuwa chini ya bendera yao, tukiwa London tungepiga kura?* Msomaji, Mombasa

Wanawake ndio, na mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Tangu uchaguzi wa kwanza wa kaunti, 1889, mwanamke asiye na mume anayelipa kodi ya nyumba alipiga kura. Kugombea ndo kulikuwa na vita, mwaka huo huo London walimchagua Lady Sandhurst kule Brixton, mpinzani wake akaenda mahakamani na mahakama ikamnyang'anya kiti kwa sababu ni mwanamke, wanawake wakangoja hadi sheria ya 1907 ndo wakaruhusiwa kugombea. Miaka 32 baadaye, 1939, Eveline Lowe akawa mwenyekiti wa baraza hilo.

Kura ya mabaraza ilikuwa ya mwenye nyumba au mpangaji na mwenzi wake, kijana wa miaka 30 anayekaa kwa mama yake hana kura. Sheria ya 1945 ndo ikafungua mlango kwa kila mwenye miaka 21. Mwenye duka naye aliendelea kupata kura kwa ajili ya duka lake hata kama haishi hapo, mpaka 1969. Kinachoniuma zaidi ni watu wa Becontree. Baraza la London lilijenga huko nyumba zaidi ya 25,000 likawahamishia watu wa London, ila Becontree ilikuwa kaunti nyingine, Essex, kwa hiyo mpangaji analipa kodi ya pango kwa baraza la London lakini kura yake ni ya Essex, mwenye nyumba wake hawezi kumgusa.

Na swali lako la bendera. Kura ilikuwa ya raia wa dola ya Uingereza, waliomo kwenye daftari la mtaa wanaokaa. Aliyezaliwa Koloni ya Kenya, tuseme Nairobi, alihesabika raia, akiwa na miaka 21 na anaishi London kihalali angepiga. Ila Mombasa na ule ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani haikuwa koloni, ilikuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wa Waingereza tu, sawa na Zanzibar, na Tanganyika ilikuwa ya udhamini, yaani Waingereza waliisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, watu wa huko sheria iliwaita watu wanaolindwa tu, sio raia. Kwa hiyo vijana wawili wangeweza kupanga chumba kimoja mtaa wa Stepney, London, mmoja katoka Nairobi na mwingine Mombasa, na tarehe 7 Aprili 1949 wa Nairobi ana kura tatu, wa Mombasa hana hata moja.