Barua kwa mwanangu: kabla hujaingia kwenye simuleta ya 737

Marahaba, mwanangu Rehema.

Swali lako nimelipata. Kozi ya Boeing 737-800 inaanza baada ya wiki nane, una leseni ya rubani wa biashara na masaa 230, yote ya ndege ndogo, Cessna 172 na Seneca, na chumba cha marubani wa ndege kubwa umekiona kwenye picha tu. Ujiandaeje? Wenzako wanakwambia tulia, utafundishwa kila kitu hukohuko.

Utafundishwa, ila kwa kasi isiyomsubiri mtu. Kipindi cha simuleta, kile chumba kinachoigiza ndege, kwa kawaida ni masaa manne: mawili unarusha wewe, mawili anarusha mwenzako nawe unamfuatilia. Ukiyamaliza kwa kutafuta swichi iko wapi, kesho yake unaletewa mambo mapya juu ya yale ambayo bado hujayashika. Anayekwama kwenye kozi hizi mara nyingi kurusha anajua. Kilichomzidi ni kwamba kila kitu anakifikiria upya, na akili haina nafasi ya kufikiria vyote kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo anza na karatasi. Duka lolote la kuchapa mabango litakutolea picha ya paneli za 737-800 kwa ukubwa wake halisi. Bandika ya mbele ukutani, ya juu ibandike juu ya kichwa, weka kiti kulia maana ndiko utakakokaa. Kisha peleka mkono kwenye kila swichi, kwa mpangilio wa kitabu cha shirika lako, ukitamka. Dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni zinazidi masaa matatu ya Jumamosi.

Chukua kazi ya rubani msaidizi injini zikishawaka, kabla ndege haijaanza kutembea. Jenereta mbili ON. Vipasha joto vya mirija ya kupimia kasi ON. Kinga ya barafu kadiri ya hali ya hewa. Paki za hewa, zinazoingiza hewa ya kabini, AUTO, vali ya kutenganisha AUTO, hewa ya APU, ile injini ndogo ya mkiani, OFF. Swichi za kuwashia injini CONT. Hakikisha vishikio vya kuwashia injini viko IDLE, halafu APU yenyewe OFF kama haihitajiki. Usikariri kama shairi. Jiulize kwa nini ziko kwa mfuatano huo: APU ilikuwa inakupa umeme na hewa, kwa hiyo huizimi mpaka jenereta za injini zimeshika umeme na paki zinapata hewa kutoka kwenye injini. Ukijua sababu, hata mwalimu akikukatiza katikati utajua uliishia wapi. Wengi wakikatizwa wanarukia mwisho, na mara nyingi kinachosahauliwa ni paki.

Paki si jambo dogo, wala swichi yoyote ya shinikizo la hewa. Tarehe 14 Agosti 2005 Boeing 737-300 ya Helios iliondoka Larnaca kwenda Athens kiteuzi cha shinikizo kikiwa bado MAN, yaani cha kurekebishwa kwa mkono, kilivyoachwa baada ya ukaguzi wa mafundi. Taratibu za kabla ya kuruka zilipita bila mtu kukiona. Honi ilipolia wakiwa wanapanda, marubani waliidhania ni onyo la maandalizi ya kupaa, kwa sababu kwenye ndege ile mlio ni mmoja kwa yote mawili. Watu 121 walikufa. Shika hili kabla hujafika darasani: onyo la maandalizi ya kupaa hulia ndege ikiwa chini. Honi hiyo ikilia hewani, vaa barakoa ya oksijeni kwanza, weka 100%, hakikisha unasikilizana na mwenzako, ndipo mengine yafuate.

Hizo ndizo hatua za kukariri, na hapo hakuna kutafsiri wala kufupisha. Ziandike kwenye kadi, neno kwa neno kama zilivyo kwenye QRH, kitabu cha dharura cha shirika. Kadi nyingine ziwe za mipaka ya ndege: kimo cha juu kabisa futi 41,000, flapi, vile vibao vya nyuma ya bawa, marufuku juu ya futi 20,000, na kadhalika. Usichukue namba za mtandaoni kama shirika limeshakupa vitabu. Ndege za aina moja hutofautiana kwa injini, uzito na chaguo la mnunuzi.

Sasa miito. Kwenye Cessna ulikuwa unaongea na mnara; humu utaongea zaidi na jirani yako. Kwenye noti 80 anayefuatilia anaita, anayerusha anajibu. Mwito huo unalinganisha vipimo vya kasi vya pande zote mbili, na pia unathibitisha kwamba anayerusha yuko macho. Halafu unabadilisha sheria: kabla ya 80 unakatisha kupaa hata kwa taa ya tahadhari. Baada ya 80 mpaka V1, kasi ya mwisho ya kuamua kukatisha, yanabaki mambo manne: moto, injini kufa, onyo la upepo wa kugeuka ghafla mbele yako, au ndege isiyo salama kuruka. Kwenye mashirika mengi uamuzi huo ni wa kapteni, lakini wewe ndiye unayepaswa kutaja ulichokiona, kwa maneno mawili au matatu. Hakuna muda wa maelezo.

Zoea pia kusoma FMA, ile mistari midogo juu ya skrini inayosema otopailoti inafanya nini. Kubonyeza kitufe si ushahidi kwamba imeshika. Ushahidi ni neno CMD, yaani otopailoti imeshika, kutokea pale palipokuwa na FD, yaani flight director inayokuonyesha njia tu bila kurusha. Mei 2007 Boeing 737-800 ya Kenya Airways ilipaa usiku kutoka Douala. Kapteni aliagiza otopailoti, mwenzake hakuthibitisha, na otopailoti haikushika. Ndege ikaanza kulalia kulia taratibu bila mtu kuishughulikia, mpaka onyo la mwinamo lilipolia, na ikaanguka na watu 114. Kwa hiyo kila badiliko la FMA, tamka. Ukiona umenyamaza dakika nzima wakati wa kupanda, ujue kuna kitu hujakisoma.

Na hapa nikuambie la kwetu. Umelelewa kutomkatiza mkubwa, na kapteni wako anaweza kuwa rika la baba yako. Shikamoo mpe mkiwa kwenye basi la wafanyakazi. Ndani ya chumba cha marubani mwito wa kasi, kimo au mwinamo hauna mkubwa: sema namba, sema kinachopaswa kufanyika. Ukiita mara mbili bila kujibiwa, mchukulie kuwa hajiwezi na uchukue ndege, kama vitabu vitakavyokufundisha. Fanya mazoezi ya sauti hiyo nyumbani. Sauti ya kuomba radhi haisikiki kwenye kelele.

Kurusha kwenyewe, tumia wiki hizi kunoa vyombo. Kama mfuko unaruhusu, lipia masaa matano au sita ya simuleta ndogo ya injini mbili uruke ILS, njia ya kutua kwa mawimbi ya redio, bila otopailoti wala mwongozo wa flight director, na injini moja imezimwa. Jambo la kuhamia kwenye jeti ni kuweka pua na nguvu kisha kusubiri. Kwenye njia ya kutua flapi 30, 737-800 inakaa karibu na nyuzi 2.5 za pua juu na N1, kipimo cha nguvu ya injini, kama asilimia 55. Weka hivyo, halafu rekebisha kidogokidogo. Ukifukuza sindano kama kwenye Cessna, tani sitini zitakuzungusha. Injini zikiwa kwenye nguvu ya chini kabisa huchukua sekunde kadhaa kuamka, ndiyo maana ndege inapaswa iwe imetulia futi 1,000 kutoka ardhini. Na zikiamka pua inapanda yenyewe, kwa sababu zimening'inia chini ya bawa. Ukikatisha kutua kwa mkono, uwe tayari kuishikilia.

Kupaa, inua pua nyuzi mbili hadi tatu kwa sekunde. Kwenye -800 mkia unagusa lami karibu na nyuzi 11 ndege ikiwa bado chini, kwa hiyo ukivuta kwa pupa unaukwaruza. Injini ikifa baada ya V1, sukuma pedali ya upande wa injini nzima mpaka usukani ukae sawa. Ukisahihisha kwa usukani peke yake, vizuia-mwinuko (spoilers) vya bawa vinainuka na unajiongezea mzigo wakati ule usioutaka.

Hesabu za kichwani zifanye ukiwa kwenye daladala. Kimo kwa maelfu ya futi mara tatu ni maili za kushuka. Kutoka futi 35,000 kwenda Dar, 35 mara 3 ni 105, ongeza maili 10 za kupunguza kasi toka noti 280 hadi 180. Nairobi uwanja wenyewe uko futi 5,330, kwa hiyo unahesabu 30 mara 3. Kasi ya ardhini mara tano ni kasi ya kushuka kwenye njia ya nyuzi 3: noti 140 ni futi 700 kwa dakika. Lakini Nairobi noti 140 za kwenye kipimo ni karibu 155 za kweli, bila upepo. Unashuka karibu 780 na ardhi inakuja haraka kuliko ulivyozoea pwani.

Programu za kurusha kwenye kompyuta zitumie kwa FMC, kompyuta ya kupanga safari ya ndege, na mpangilio wa swichi. Kutua usijifundishe humo. Macho yanazoea vibaya na mwalimu atatumia vipindi viwili kukuondolea.

Mtafute mapema mtakayeoanishwa naye, msomeane miito kwa simu kila jioni. Angalia cheti cha afya cha daraja la kwanza na kiwango cha Kiingereza visiishe katikati ya kozi. Kiwango cha 4 cha Kiingereza hupimwa upya kila miaka mitatu. Pasipoti pia, maana simuleta huenda ikawa nje ya nchi. Simuleta hazilali, zamu ya saa nane usiku ni ya kawaida, basi jifunze kulala mchana.

Mkataba wa kulipa deni la mafunzo nitumie kabla hujausaini. Nataka kuona deni linapunguaje kila mwaka, na nani analipa ukifeli mtihani wa mwisho.

Mama