Aliyekupa Damu Anangoja Jibu

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa afya mwaka huu, hapa Maseno, Bondo, Kakamega na kwingineko magharibi, nawaandikia kabla hamjapanda matatu kwenda vijijini na visanduku vyenu vya barafu. Mengi mtafundishwa darasani na yatawafaa. Hili nitakalowaambia nilifunzwa na mama mmoja wa upande wa Nyakach, na nilifunzwa nikiwa nimeshachelewa.

Nilikuwa msaidizi kwenye utafiti wa upungufu wa damu kwa akina mama. Kile kipimo kidogo cha mkononi, kinachotoa jibu mtu akiwa bado ameketi, kiliharibika siku ya pili. Tukachukua damu ya mshipa, tukaipeleka maabara mjini Kisumu. Baada ya wiki moja majibu yakarudi, yakaingia kwenye kompyuta, tukachora majedwali, msimamizi akaridhika. Nyakach hakurudi mtu.

Mwaka uliofuata nilipita huko kwa shughuli nyingine. Mama huyo akanitambua, akanisimamisha njiani, akaniuliza, "Mwanangu, damu yangu ilisemaje?"

Sikuwa na la kumwambia. Usiku huo nikafungua kumbukumbu. Kiwango chake cha hemoglobini, kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, kilikuwa chini ya gramu 8 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye na mimba, upungufu huanza kuhesabiwa chini ya 12, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Tulikuwa na habari hiyo wakati wote ambao yeye alikuwa akipumzika mara tatu kati ya kisima na nyumbani. Mwishowe aliamua mwenyewe kwenda zahanati, miezi minne baada ya sisi kumchoma sindano, alipokuwa hawezi tena kubeba mtungi.

Kwa hiyo, kabla hujaandika swali lako la utafiti, andika siku ya kurudi. Iweke kwenye bajeti: nauli, viti, soda na mikate ya baraza, karatasi za majibu ya kila mtu, na mhudumu wa zahanati atakayepokea wenye matatizo. Iandike kwenye maombi yako kwa kamati ya maadili ili uwe umejifunga kwa maandishi. Jibu linalohitaji tiba halingoji baraza. Hilo hupelekwa siku lilipotoka maabara, hata kama itabidi ukodi boda boda jioni.

Kuhusu ridhaa. Huku, kila anayebeba kisanduku huitwa daktari. Usipokee jina hilo kama si lako. Mama akikuita daktari huku amempakata mtoto mwenye homa, anadhani umekuja kutibu, na sahihi atakayoweka ni ya tiba. Kwa Dholuo utafiti ni nonro na tiba ni thieth; hakikisha mtu amesikia neno la kwanza, si la pili. Kisha mwombe akueleze kwa maneno yake ulichomwambia. Hapo ndipo utajua kama fomu yako imeeleweka au imesomwa tu.

Na ueleze kiasi cha damu kwa kipimo cha jikoni. Mililita 2 hazifiki nusu ya kijiko cha chai. Niliwahi kuwaona vijana wakitaja "mililita" mara tano mbele ya bibi ambaye macho yake hayakutoka kwenye sindano. Uvumi wa kachinja, wanyonya damu wanaopita na magari, ni wa siku nyingi katika nchi hii ya ziwa, na hauondoki kwa kuwaita watu wajinga. Mtu aliyetolewa damu, kisha gari likaondoka lisirudi, ana haki ya kuuliza ilikwenda wapi. Mchukue mzee wa kijiji au mhamasishaji wa afya ya jamii umwonyeshe maabara, aone chupa zenye kifuniko cha zambarau zikipangwa, aone mashine, arudi akasimulie. Maneno yake yatafika mahali ambapo yako hayafiki.

Wala msidhani kurudi ni jambo la wema tu lisilo na nafasi kwenye sayansi kubwa. Eneo hili lenu limeupa ulimwengu majibu mengi, na majibu hayo yamesimama juu ya watu waliokubali kungoja. Katika miaka ya 1990, vijiji vya Asembo na Gem viliingia kwenye jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa, vingine vikipewa na vingine vikibaki kwa kulinganisha. Vifo vya watoto vilipungua, na ikaonekana kwamba hata nyumba zisizo na neti, zikiwa ndani ya mita kama 300 za zile zenye neti, zilipata kinga. Baadaye vijiji vilivyokuwa vimebaki navyo vikapewa. Hapa Kisumu, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 walijiunga na utafiti wa tohara na virusi vya UKIMWI. Desemba 2006 ulisimamishwa mapema kwa kuwa kinga ilikuwa imeonekana wazi, na waliokuwa hawajatahiriwa wakapewa nafasi hiyo.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni chanjo ya malaria, RTS,S. Watoto wa Siaya na Kombewa walikuwa miongoni mwa waliochanjwa katika jaribio kubwa lililoanza 2009 kwenye nchi 7 za Afrika. Septemba 13, 2019, chanjo hiyo ilizinduliwa Homa Bay kwa watoto wa kawaida, kliniki za kawaida. Miaka 10. Mkienda Kisian, barabara ya Busia, mkawaona wafanyakazi wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, waliozeeka kwenye kazi hii, waulizeni ni mara ngapi walirudi boma lile lile katika miaka hiyo.

Sasa wale mtakaofanyia utafiti chuoni kwenu. Msidhani ni kazi nyepesi kwa sababu mshiriki mnakula naye mezani. Mnaopima shinikizo la damu siku za afya, naomba msiwapime watu kwenye foleni wakiwa wamesimama wakipiga gumzo. Mtu akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini haijapishana, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu, asiongee, na mkanda utoshe mkono wake. Nimeona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiambiwa ana shinikizo la juu, 150 kwa 95, baada ya kukimbia kutoka hosteli, asilale usiku kucha. Jibu lisilo sahihi linaumiza kama jibu lililofichwa.

Na mnaotumia hojaji ya PHQ-9 kupima sonona: swali la 9 linauliza kama mtu amekuwa akiwaza kwamba afadhali afe au kujiumiza. Usiigawe hojaji hiyo kabla hujajua nani atakaa na anayejibu ndiyo, siku hiyo hiyo, kabla hajatoka mlangoni. Niliwahi kusaidia kukagua fomu za utafiti mmoja zilizokuwa zimekaa ndani ya bahasha wiki tatu kabla ya kufunguliwa. Mle ndani, watu walikuwa wameomba msaada. Wengi huogopa pia sheria, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Waambieni hivyo, kwa upole, na muwe na mshauri chumba cha pili.

Ratiba pia: msipange ziara Ijumaa na Jumamosi, watu wako matangani. Ufuoni, wavuvi wa omena hutoka usiku wa giza. Asubuhi wamelala na wanawake wanaanika. Waacheni.

Yule mama nilimrudia, mara hii kwa makusudi, nikiwa na daftari na karatasi za wenzake wote. Tulikaa chini ya mwembe wake. Alipima tena zahanati, damu imepanda. Hata hivyo akaingia ndani, akatoka na kadi ya utafiti yenye namba yake, imefungwa ndani ya kitambaa tangu siku ile, akaniambia bado anataka kusikia ile ya kwanza. Nikamsomea.