Re: Mandhari yangu ya jioni inatoka kama tope
Pole ndugu, hiyo naijua. Umesema unachora mandhari ya jioni kwa rangi za mafuta na mtindo wa tonalizimu (ule wa rangi chache zilizofifia, kama kuna ukungu), rangi umezipoza vizuri ila badala ya ule utulivu wenye huzuni unapata tope tupu. Mara nyingi shida sio rangi, ni mwanga na giza: piga kazi yako picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, kama anga na miti vinalingana basi hapo ndo pa kurekebisha, miti izame gizani na sehemu moja tu ndo ing'ae.

Halafu punguza rangi. Altramarini (bluu iliyokolea), siena iliyochomwa (kahawia nyekundu), oka ya njano (njano ya udongo) na nyeupe zinatosha kabisa, hizo mbili za kwanza ukichanganya unapata kijivu chako mwenyewe, bluu ikizidi kinapoa, siena ikizidi kinapata joto, ile nyeusi ya tyubu weka pembeni kwanza (mimi iliniharibia picha kibao). Kingo za miti zipitishie brashi kavu rangi ikiwa bado mbichi. Whistler, mchoraji Mmarekani wa karne ya 19, alikuwa anautazama mto Thames wa London usiku kisha anaenda kuchora kwa kumbukumbu, jaribu na wewe, utaacha kuhesabu majani.

Tabaka za juu ziwe na mafuta zaidi ya zile za chini, la sivyo zitapasuka. Na fungua madirisha ukitumia tapentaini (ile ya kuzimulia rangi), afu vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike, vinaweza kuwaka vyenyewe, vitandaze nje vikauke. Ukisikia kizunguzungu au kifua kubana acha kazi, muone daktari.