Sera ya nje: usiishie kwenye asilimia za biashara, hesabu na siku za kuvumilia

Mkuu, umeuliza ni mambo gani ya kisiasa na kiuchumi yanayoamua sera ya nje ya nchi, mtu asiye ndani ya serikali atayapimaje bila kutegemea hotuba, na kura za Umoja wa Mataifa zisomweje. Wachangiaji waliotangulia wametaja rasilimali, jeshi, itikadi na majirani. Yote ni kweli, ila orodha hiyo haikusaidii kutabiri chochote kwa kuwa kila nchi inayo. Mimi ningeanza na maswali mawili. Serikali ikibanwa leo, itavumilia siku ngapi kabla mafuta, ngano au dola hazijakauka? Na ndani ya nchi, nani ana uwezo wa kuuzuia uamuzi usipite?

Swali la kwanza linaonekana wazi kwenye mgogoro wa Suez. Rais wa Misri, Nasser, aliutaifisha Mfereji wa Suez Julai 26, 1956, na mwishoni mwa Oktoba Israeli, Uingereza na Ufaransa zikaivamia Misri. Vitani zilikuwa zinasonga mbele vizuri. Kilichoishinda Uingereza ni pauni. Thamani yake ilikuwa imefungwa dhidi ya dola, wenye fedha wakaanza kuikimbia, akiba ya dola ikawa inapungua kila siku kwa kuilinda, na Marekani ikakataa kuunga mkono mkopo wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) mpaka majeshi yakubali kuondoka. Mapigano yalisimamishwa Novemba 6. Desemba, baada ya Uingereza kukubali kuondoka, IMF ikaidhinisha dola bilioni 1.3. Ufaransa nayo ilikuwa kwenye vita hiyohiyo na chini ya shinikizo hilohilo, lakini ilikwishajipatia idhini ya mkopo wa IMF mwezi Oktoba, kabla ya risasi ya kwanza. Ndiyo maana Paris ilikuwa bado na pumzi wakati London imeishiwa.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni akiba ya fedha za kigeni. Chukua akiba yote, gawanya kwa wastani wa gharama za kuagiza bidhaa na huduma kwa mwezi mmoja. Chini ya miezi 3, serikali hiyo haina ubavu wa kugombana na mkopeshaji wake yeyote mkubwa. Lakini usiishie kwenye jumla, maana hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Sri Lanka ilitangaza akiba ya takriban dola bilioni 1.9 mwezi Machi 2022. Ndani yake mlikuwa na yuani zenye thamani ya takriban dola bilioni 1.5, kutoka makubaliano ya kubadilishana sarafu na China, ambazo masharti yake yalizuia zisitumike akiba ikiwa chini ya miezi 3 ya uagizaji. Fedha ya kununulia mafuta na dawa ilikuwa ndogo mno, na Aprili 12 nchi ikasimamisha kulipa madeni ya nje. Ukisoma takwimu za Benki Kuu, tafuta kiasi kinachoweza kutumika kesho asubuhi.

Madeni vilevile. Jumla ya deni haikuambii mengi. Uliza linadaiwa na nani, kwa sarafu gani, na mwaka gani malipo makubwa yanaangukia. Sehemu kubwa ya hati fungani (hati ambazo serikali huuza ili kukopa) ikiwa mikononi mwa wawekezaji binafsi waliotawanyika, hakuna mtu mmoja wa kumpigia simu kuomba muda. Mkopeshaji akiwa serikali moja, muda unapatikana, lakini atataka kitu: kura, bandari, au, akiwa China, msimamo kuhusu Taiwan, kisiwa inachodai ni chake.

Sasa utegemezi wa bidhaa. Kosa la kawaida ni kuangalia asilimia peke yake. Asilimia ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni muda wa kupata mbadala. Mwaka 2021 Ujerumani ilipata zaidi ya nusu ya gesi iliyoagiza kutoka Urusi. Lithuania ilikuwa mahali pabaya zaidi hapo awali, muuzaji wake alikuwa mmoja tu. Lakini mwaka 2014 Lithuania ilifunga meli ya kupokea gesi ya kimiminika kwenye bandari yake ya Klaipėda, na Aprili 2022 iliweza kutangaza kwamba hainunui tena gesi ya Urusi. Ujerumani haikuwa na kituo hata kimoja cha namna hiyo. Cha kwanza kilizinduliwa bandarini Wilhelmshaven Desemba 2022, na miezi yote ya kabla ya hapo ilibidi ipime kila neno kuhusu kuiwekea Urusi vikwazo vya gesi kwa kuivamia Ukraine. Mafuta ni tofauti, kwani meli hugeuzwa njiani na nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati hutakiwa kuwa na akiba ya siku 90 za uagizaji halisi. Bomba la gesi halina usukani. Nalo humfunga hata muuzaji: gesi iliyokuwa ikienda Ulaya magharibi haigeuzwi kwenda China bila kujenga bomba jingine.

Tukija kwenye siasa za ndani, mfano ninaoupenda ni Uturuki, Machi 1, 2003. Marekani ilitaka kupitisha wanajeshi wake kuingia Irak kwa upande wa kaskazini na iliahidi msaada mkubwa wa fedha, kwa nchi iliyokuwa imetoka kuumizwa na mgogoro wa mabenki. Ukitazama uchumi tu ungesema itakubali. Bungeni kura za ndiyo zilikuwa 264, hapana 250, na 19 hawakuegemea upande wowote. Katiba ilidai wingi wa waliohudhuria, yaani 267. Kura 3 zilipungua, hoja ikaanguka. Wananchi walikuwa wanaipinga vita hiyo waziwazi na wabunge wa chama tawala walikuwa wanawatazama wao. Kwa hiyo kabla ya kutabiri, soma kanuni: Marekani yenyewe hairidhii mkataba bila theluthi mbili ya maseneta wanaopiga kura, na ndivyo Mkataba wa Versailles, wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ulivyokwama Washington mwaka 1919 na tena 1920.

Usidhani pia kwamba nchi kubwa huamua kwa mambo makubwa tu. Nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2016 kupunguza mitumba, Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Malalamiko hayakuanzia kwa wanadiplomasia. Yalitoka kwa chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu huko Marekani, wakitumia masharti ya AGOA, sheria ya Marekani iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Ukitaka kujua kwa nini hiyo moja iliweza, angalia kiasi ilichokuwa inauza: mauzo yake ya nguo Marekani yalikuwa madogo, wakati Kenya ilikuwa na viwanda vilivyojengwa kwa ajili ya soko hilo hasa.

Kuna serikali zinazolipa gharama kwa makusudi. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (sasa Zimbabwe), koloni lake ambako walowezi weupe wachache walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Hili halipingani na hesabu ya siku za kuvumilia. Hesabu hukuonyesha bei ya msimamo. Kama kiongozi atailipa hutegemea uhalali wake nyumbani umejengwa juu ya nini.

Mwisho kuhusu kura za Umoja wa Mataifa, maana umeziuliza. Azimio la Machi 2, 2022, lililoitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, lilipata kura 141 za ndiyo, 5 za hapana, na nchi 35 hazikuegemea upande wowote. Wengi huzisoma hizo 35 kama kambi moja. Zichambue moja moja: nani ananunua silaha Urusi na atahitaji vipuri kwa miaka mingi ijayo, nani anategemea ngano au mbolea yake, na nani ana desturi ya kutofungamana na upande wowote tangu zamani. Anza na vipuri vya silaha, kwa sababu ndivyo vigumu zaidi kubadilisha.