Haibridi au petroli tupu? Maswali ya wanaonunua pikapu

Maswali ya pikapu yametufikia mengi, na karibu yote yanazunguka jambo moja: kuongeza pesa kwa ajili ya haibridi (gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri yake) au kubaki na injini ya petroli. Tumechagua matano.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nataka pikapu ndogo ya kazi na familia. Natembea kama kilomita 20,000 kwa mwaka, na saba ya kumi ni foleni za mjini. Muuzaji ananiambia haibridi itarudisha nyongeza ya bei ndani ya miaka miwili. Kuna ukweli hapo?

JIBU: Kwa mwendo wako haibridi inakufaa. Hiyo miaka miwili ndiyo ya kuipigia hesabu upya.

Anza na kinachotokea ukikanyaga breki. Pikapu ya kg 2,500 ikiwa kwenye kilomita 60 kwa saa imebeba nishati ya mwendo ya karibu kWh 0.1, yaani sehemu ya kumi ya uniti moja ya umeme. Kwenye gari la petroli tupu nishati hiyo yote huishia kuwa joto la diski na pedi. Kwenye haibridi, mota hugeuka jenereta, sehemu yake inarudi kwenye betri, na taa za barabarani zikiruhusu ndiyo hiyo hiyo inayoliondoa gari huku injini imezimika. Faida ya haibridi iko kwenye kusimama na kuondoka. Ukiwa barabara kuu kwa kilomita 100 kwa saa, hugusi breki na hakuna cha kurudisha. Mafuta yanakwenda kupambana na upepo, na pikapu ina kifua kipana.

Tazama pikapu moja iliyouzwa kwa injini zote mbili, Ford Maverick ya 2022 ya kuendeshwa na magurudumu ya mbele. Kwa vipimo rasmi vya Marekani, haibridi yake ya cc 2,500 hutumia lita 5.6 kwa kilomita 100 mjini na lita 7.1 barabara kuu. Ndiyo, mjini inakula kidogo kuliko barabarani. Ile ya petroli tupu, ya cc 2,000 yenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini), hutumia lita 10.2 mjini na 7.8 barabara kuu. Tofauti mjini ni lita 4.6, barabara kuu ni 0.7 tu.

Sasa ligeuze suala la bei kuwa lita. Chukua nyongeza ya bei ya haibridi, igawe kwa bei ya lita moja ya petroli unayolipa leo. Tuseme umepata lita 3,000. Kwa mgawanyo wako wa saba kwa tatu, unaokoa wastani wa lita 3.4 kila kilomita 100, yaani kama lita 690 kwa mwaka. Lita 3,000 zitarudi kwa miaka minne na ushee. Mwenzako mwenye gari hilo hilo na kilomita zile zile, ila nane ya kumi anazitembea barabara kuu, ataokoa lita 300 hivi kwa mwaka. Yeye atasubiri miaka kumi. Gari ni moja. Kilichobadilika ni njia tu.

Tahadhari moja kuhusu kulinganisha kwa kilomita kwa lita, kwa sababu hapo watu wengi hujidanganya. Kutoka kilomita 8 kwa lita hadi 10 unaokoa lita 2.5 kila kilomita 100. Kutoka 14 hadi 17 unaokoa lita 1.3 pungufu kidogo, ingawa namba imepanda zaidi. Geuza kila kitu kiwe lita kwa kilomita 100 kwanza, ndipo utoe.

SWALI: Navuta tela la ng'ombe, na likijaa linafika tani tatu. Njia yangu ina milima mirefu. Nimeona pikapu kubwa ya haibridi ina nguvu kuliko ya petroli, lakini karatasi inasema inavuta uzito mdogo. Inakuwaje? Na mafuta yatapungua kweli?

JIBU: Ndugu, swali lako ndilo zito kuliko yote, na tutakaa nalo.

Kwenye pikapu kubwa, mota ya umeme hukaa kati ya injini na giaboksi na kazi yake ya kwanza ni kuongeza msukumo. Toyota Tundra ya petroli ina msukumo wa Nm 649 (Nm hupima nguvu ya kuzungusha). Ya haibridi, kwa injini ile ile ya V6 (silinda sita) yenye turbo mbili, ina Nm 790. Utaisikia siku unapoondoka na tela kwenye kilima, maana mota hutoa msukumo wake wote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, kabla turbo hazijaamka. Hapo haibridi ni tamu kweli.

Mlima mrefu ni habari nyingine. Ford F-150 ya haibridi ina mota ya kW 35 na betri ya kWh 1.5. Hata kama betri ingetumika yote hadi tone la mwisho (na kompyuta haitakubali), mota ingesukuma kwa nguvu zake zote dakika mbili na nusu tu. Pikapu ya tani mbili na nusu pamoja na tela lako la tani tatu, zikipanda mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 60 kwa saa, zinahitaji karibu kW 54 za kushindana na mlima peke yake, kabla ya upepo na msuguano wa matairi. Kwa hiyo baada ya kilomita mbili au tatu unabaki na injini ya petroli, na sasa injini hiyo inabeba pia uzito wa betri na mota. Ukivuta tani tatu safari ndefu, tegemea ulaji wa mafuta unaokaribiana kwa pikapu zote mbili. Usinunue haibridi kwa ajili ya kuokoa mafuta ukiwa na tela.

Mteremko ndipo tunapotaka uwe macho. Tani tano na nusu zikishuka mita 100 za wima zinaachia nishati ya kWh 1.5, sawasawa na betri nzima. Betri haikuanza tupu, hivyo itajaa mapema, na ikijaa mota haina pa kupeleka umeme. Ule mvuto wa kupunguza mwendo uliouzoea unapungua, na dereva asiyejua hukimbilia pedali ya breki hadi pedi zinanuka. Kabla ya kuanza kushuka weka gari kwenye modi ya kuvuta, shusha gia hadi injini ishike mwendo bila breki, na hakikisha breki za tela zenyewe zinafanya kazi. Ukilazimika kukanyaga, kanyaga kwa nguvu kwa sekunde chache kisha achia zipoe. Usiilalie pedali mteremko mzima.

Kuhusu karatasi: modeli ya 2021 ya F-150 haibridi ilipewa kikomo cha kuvuta cha takriban kg 5,760, na ya petroli tupu kwa injini ya V6 ya cc 3,500 kg 6,350. Lakini kikomo cha kuvuta sicho kitakachokukwamisha. Kitakachokukwamisha ni uzito wa kubeba. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye nguzo: kimeandikwa jumla ya watu na mizigo isiyopaswa kuzidi kwa gari hilo hilo ulilosimama mbele yake. Betri, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uifae mota) na mota vimeshakula sehemu ya uzito huo. Viti vya ngozi na paa la kioo pia vimekula chao, ndiyo maana pikapu mbili za jina moja hutofautiana.

Tuseme kibandiko kinasema kg 700. Ulimi wa tela hukandamiza ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela, kwako kg 300 hadi 450. Watu wanne ni kg 300 nyingine. Umebakiwa na kg 100 au umeshapitiliza kg 50, na hujapakia hata jeki. Ukipitiliza, nyuma inalala, mbele inakuwa nyepesi, usukani unaelea na taa zinamulika vilele vya miti. Kwa kazi yako tungechagua ya petroli yenye kibandiko kikubwa, isipokuwa kama tela unalivuta mara chache na siku nyingine zote uko mjini.

SWALI: Nimepata pikapu ya haibridi iliyotumika miaka saba. Bei ni nzuri. Nikague nini ili nisije nikauziwa betri iliyokufa?

JIBU: Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na nenda na fundi mwenye mashine inayosoma betri ya haibridi. Mashine ya kawaida inayosoma taa ya injini tu haitoshi.

Betri imegawanywa katika vipande, na mashine huonyesha volti za kila kipande. Ukiwa umesimama vyote vitafanana, hata kwenye betri mbovu. Siri iko kwenye mzigo: panda kilima kwa kukanyaga mafuta hadi chini, fundi akitazama kioo cha mashine. Vipande vizima vinashuka pamoja kama watu wanaoteremka ngazi moja. Kilichochoka kinadidimia peke yake, na ukianza kufunga breki ndicho kinachoruka juu ya wenzake. Dalili nyingine utaiona kwenye dashibodi bila mashine yoyote: kiwango cha chaji kinapanda na kushuka kwa dakika chache kama maji kwenye kikombe kidogo. Betri imepoteza ujazo.

Kisha ingia ndani ya gari, upige magoti kwenye kiti cha nyuma. Tundra ina betri chini ya kiti cha nyuma, na haibridi nyingi hupoza betri kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa na feni kupitia tundu lenye chujio. Toa chujio ulitazame. Likiwa limeziba vumbi, nyuzi za zulia na manyoya ya mbwa, betri imekuwa ikipumua kwa shida, na joto ndilo linaloiua kabla ya wakati. Feni inayovuma kwa sauti kubwa siku isiyo na jua inasema jambo hilo hilo.

Usisahau betri ndogo ya volti 12. Ndiyo inayofungua swichi za betri kubwa. Ikifa, gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa, na kuna waliouza gari kwa hasara wakidhani betri kubwa imekufa. Ipime kwanza.

Mwisho uliza dhamana. Betri za haibridi mara nyingi hudhaminiwa miaka 8 au kilomita 160,000, kinachotangulia. Ya miaka saba iko ukingoni: thibitisha tarehe ya gari kuingia barabarani mara ya kwanza, na kama dhamana inamfuata mmiliki wa pili na nchi uliyopo.

SWALI: Kuna pikapu imeandikwa "haibridi" lakini bei yake ni karibu sawa na ya kawaida. Nimeokota dodo chini ya mwarobaini?

JIBU: Huenda ni haibridi nyepesi ya volti 48. Ram 1500 yenye mfumo huo ina betri ya kWh 0.43, chini ya theluthi moja ya ile ya F-150 haibridi. Mfumo huu huiwasha injini haraka na kwa ulaini na kuipa msukumo mdogo wa kuondokea, lakini hauliendeshi gari kwa umeme peke yake. Si kitu kibaya, ila usiupigie hesabu ya lita kama ya haibridi kamili. Muulize muuzaji swali moja: gari hili linaweza kutembea injini ikiwa imezimika? Asipojibu, jaribu mwenyewe kwenye maegesho, ukigusa mafuta polepole.

SWALI: Kazi yangu ni kuchomelea vyuma mageti na paa, mara nyingi pasipo na umeme. Nasikia haibridi inaweza kuwa jenereta. Na fundi wangu wa siku zote ataiweza?

JIBU: Kwako haibridi inaweza kushinda hata kama hesabu ya mafuta inashindwa. F-150 haibridi hutoa kW 2.4 kwenye soketi zake, na kwa kulipia nyongeza kW 7.2. Ile ya kwanza inatosha grainda na drili. Mashine ya kuchomelea inataka ya pili. Soma kibao cha mashine yako: zidisha volti kwa ampea za kuingia, si ampea za kuchomelea. Injini itajiwasha na kujizima kadiri betri inavyoshuka, kwa hiyo usiliache likifanya kazi ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake unaua.

Fundi wako anaweza oili, plagi, matairi na breki. Kwenye breki mwambie hivi: pedi za haibridi hazichakai upesi, na kwa kutofanya kazi sana pini za kalipa (kishikio cha pedi) hukauka na kushika kutu. Azitoe, azisafishe na kuzipaka grisi mara moja kwa mwaka, hata kama pedi bado ni nene. Safari fupi fupi zinazowasha na kuzima injini kabla haijapata moto huingiza petroli kwenye oili, hivyo akikuta kipimo cha oili kimepanda badala ya kushuka, amwage bila kusubiri kilomita zitimie. Apime pia maji ya kupozea inveta, ambayo kwa kawaida yana tangi lake tofauti na la rejeta ya injini.

Nyaya za rangi ya chungwa asiziguse kama hajafunzwa. Aliyefunzwa utamjua kwa mpangilio wake: anazima gari na kuuweka ufunguo mbali, anachomoa betri ya volti 12, anavaa glavu za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000, anatoa plagi ya usalama ya betri kubwa na kuitia mfukoni, kisha anasubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta uishe. Halafu anapima kwa mita kabla ya kushika chochote. Anayeruka hizo dakika 10, chukua gari lako uondoke.