Usioanishe kwa kitu unachokichunguza

Dada, unachunguza kama maji ndiyo yanayoleta kipindupindu Nyalenda, Kisumu, na umeuliza kama kila mgonjwa umwoanishe, yaani umtafutie wa kulinganishwa naye, asiyeugua ila wa umri, jinsia, mtaa na chanzo cha maji sawa naye. Umri na jinsia, sawa. Chanzo cha maji, hapana! Ukimwoanisha anayeteka kisimani na mwingine wa kisima hichohicho, umeshafuta tofauti uliyokuja kuitafuta, na hakuna hesabu itakayoirudisha.

Mtaa nao uangalie. Wapangaji wa ploti moja hununua maji kwa mkokoteni mmoja, hata choo ni kimoja. Afadhali uruke nyumba kadhaa kwa kanuni uliyoiandika mapema. Msaidizi asichague mlango ulio wazi tu, maana mchana atawakosa wanaouza sokoni Kibuye, arudi jioni. Aulize pia kama mtu huyo aliharisha siku hizo. Aliyeharisha hafai.

Wasiougua wanne kwa kila mgonjwa wanatosha, zaidi ya hapo unachoma nauli ya boda bure. Kwenye uchambuzi usivunje jozi, yaani mgonjwa na wenzake uliomwoanisha nao: tumia rigresheni ya lojistiki yenye masharti, hesabu inayomlinganisha kila mgonjwa na wenzake hao tu. Ukipuuza jozi, uwiano wa odi, kipimo cha nguvu ya uhusiano kati ya maji na ugonjwa, kwa kawaida huvutwa kuelekea 1, yaani kana kwamba hakuna uhusiano.