Shangazi, vyuo viwili vimenikubali, niende kipi?

"Shangazi, shikamoo. Nimekubaliwa na vyuo viwili kusoma shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii. Cha kwanza kina jina kubwa na kimejikita katika sera na utafiti, lakini karo yote itabidi nikope. Cha pili hakijulikani sana, kinafundisha zaidi ushauri nasaha kwa familia, nacho kimenipa ufadhili wa nusu ya karo. Ninataka kuhudumia watoto waliodhulumiwa, ila wazazi wananiambia kwamba nikiacha chuo chenye jina nitajuta. – Njia Panda"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote jicho langu limerudi pale ulipowataja watoto, kwa sababu ndipo pekee unaposema wewe mwenyewe unataka nini.

Mgawanyiko unaokusumbua ni wa zamani katika taaluma hii. Jane Addams na Ellen Gates Starr walipofungua Hull House, nyumba ya kuwahudumia wakazi wa mtaa maskini, mjini Chicago mwaka 1889, walishughulika na hali ya mtaa mzima, kuanzia usafi hadi sheria za kazi, ilhali wenzao wa vyama vya hisani walizitembelea familia moja baada ya nyingine. Njia zote mbili ninaziheshimu. Hata hivyo, anayetaka kuketi na mtoto aliyenyamaza kwa woga hana budi kufundwa namna ya kuketi naye, na ujuzi huo haupatikani kwa kusikiliza mihadhara.

Nilipokuwa mwanafunzi, msimamizi wangu wa mafunzo kwa vitendo alinitaka niandike neno kwa neno mazungumzo yangu na kila mteja. Siku moja alipigia mstari maneno yangu, "usijali, mambo yatakuwa sawa," kisha akaniuliza kama nilikuwa ninamtuliza mteja au ninajituliza mwenyewe. Sikuwa na jibu. Ni miaka mingi sasa sijaulizwa nilisoma wapi, lakini swali lile ninajiuliza kila ninapotaka kumjibu mtu, na nimejiuliza tena nilipoanza kukuandikia wewe.

Ndiyo maana ninakuomba uviandikie vyuo vyote viwili leo. Uliza utapelekwa kituo gani kwa mafunzo kwa vitendo, nani atakusimamia, kama amewahi kuhudumia watoto, mtakutana mara ngapi kwa wiki, na kama nafasi utatafutiwa au utajitafutia. Nchini Marekani, kwa mfano, programu ya uzamili haipati ithibati ya CSWE, baraza linalokagua elimu ya ustawi wa jamii huko, bila angalau saa 900 za mafunzo ya aina hiyo, nazo ni nyingi mno kuzitumia mahali pasipohusiana na nia yako. Uliza pia kuhusu ithibati yenyewe, kwa kuwa palipo na sheria ya leseni, shahada isiyo nayo inaweza kukufungia njia.

Deni nalo lisikupite hivi hivi. Mishahara ya kazi hii mara nyingi ni ya kawaida, na nimewaona vijana wenye moyo safi wakiwaacha watoto waliowapenda ili wakalipe mikopo.

Ikiwa vyote viwili vina ithibati, na chuo cha pili kikakutajia kituo cha watoto na msimamizi wake, mimi ningekwenda huko. Kikijibu kwa kuzungukazunguka, kiombe cha kwanza kikupunguzie karo kabla hujakataa nafasi yake. Majibu yakifika, wasomee wazazi wako.